Ruzuku ya betri ya nyumbani: hatua za kuipata bila kuponzwa nayo

Betri ya nyumbani ni kitu cha gharama. Serikali ikitangaza kwamba itachangia sehemu ya bei, watu huanza kupiga hesabu ya fedha watakazookoa kabla hawajajua wanataka kuhifadhi umeme kiasi gani. Ruzuku ina masharti, ina tarehe, na ina njia yake ya kukufikia mfukoni. Ukikosea kimojawapo unabaki na betri uliyoilipia bei kamili, au betri kubwa isiyojaa hata siku moja. Mpangilio ninaoupendekeza hapa ni huu: kwanza usiku wako, kisha masharti, kisha fundi, na sahihi iwe ya mwisho kabisa. Muuzaji atataka kukupeleka kinyumenyume.

Hatua ya 1: Pima usiku wako

Kabla ya kusoma tangazo lolote, jua unatumia umeme kiasi gani tangu jua linapokuchwa hadi linapochomoza. Soma mita jioni paneli za sola zinapoacha kuzalisha, uandike. Soma tena asubuhi, utoe. Rudia kwa siku saba, zikiwemo za mwisho wa juma, maana siku ya kufua na kupiga pasi hailingani na siku nyingine. Kama kampuni yako ya umeme inatoa takwimu za matumizi za kila nusu saa, umeokoa kazi ya wiki nzima.

Tuseme umepata wastani wa kilowati-saa 8 kwa usiku. Betri hairudishi kila ulichoiwekea. Sehemu hupotea kama joto ndani ya betri na ndani ya inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, na sehemu hiyo mara nyingi hufika kumi kwa mia au kuzidi kidogo. Kwa hiyo unahitaji betri yenye kilowati-saa 9 hivi zinazotumika. Hiyo ndiyo namba yako. Iandike, kwa sababu kuanzia hapa kila utakayezungumza naye atataka kuikuza.

Kisha geukia upande wa pili: umeme wa kuijaza utatoka wapi? Ukishatumia umeme wa mchana, paneli zako hubakiza kiasi gani? Kama ziada ni kilowati-saa 5, betri ya 15 itashinda theluthi mbili tupu, hata ingetolewa bure. Na upime kwa msimu wa mawingu pia, usijidanganye na mwezi wa jua kali. Asiye na paneli anaweza kufaidika ikiwa tu anauziwa umeme kwa bei mbili, rahisi saa fulani na ghali saa nyingine, naye akajaza betri kwenye bei ya chini. Kama bei ni moja saa zote 24, betri isiyo na paneli haitakupunguzia bili. Itakusaidia wakati wa kukatika umeme, basi.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hulipita haraka. Kilowati-saa ni ukubwa wa tangi, na kilowati ni unene wa bomba. Betri ya kilowati-saa 10 inayoweza kutoa kilowati 3 tu kwa wakati mmoja haitaendesha jiko la umeme na hita ya maji kwa pamoja, hata ikiwa imejaa pomoni. Uliza namba zote mbili.

Hatua ya 2: Tambua ruzuku hiyo inakufikia kwa njia gani

Neno ruzuku limebeba mizigo mingi, na kila mzigo una namna yake ya kuteremshwa.

Njia iliyo rahisi zaidi kwa mnunuzi ni punguzo kwenye ankara. Ndivyo ulivyo mpango wa Australia ulioanza tarehe 1 Julai 2025. Betri yako inastahili vyeti kadhaa vya nishati safi, vinavyouzika sokoni, kulingana na ukubwa wake, wewe unasaini kumwachia mfungaji au wakala wake haki ya vyeti hivyo, yeye anaviuza, nawe unakatiwa thamani yake palepale kwenye bei. Mpango ulipozinduliwa punguzo lilikadiriwa kuwa karibu asilimia 30 ya gharama. Hungoji hundi wala hujazi fomu ya kodi, ila unamtegemea mtu wa kati, na huyo tutamrudia.

Njia ya pili ni msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani. Ujerumani imeweka kiwango cha sifuri kwa mifumo ya sola ya nyumbani pamoja na betri zake tangu tarehe 1 Januari 2023. Uingereza ilifanya vivyo hivyo kwa betri tangu tarehe 1 Februari 2024, hata betri inayofungwa peke yake bila paneli, hadi mwisho wa Machi 2027. Ila huko Uingereza msamaha ni kwa betri inayouzwa na kufungwa na mkandarasi yuleyule. Ukijifanya mjanja ukainunua mwenyewe dukani halafu ukatafuta fundi wa kuifunga, kodi unailipa.

Njia ya tatu ni nafuu ya kodi ya mapato, na hii ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Unalipa bei yote sasa, halafu serikali inakupunguzia kodi unayodaiwa baadaye. Marekani ilitoa nafuu ya asilimia 30 ya gharama kwa betri ya kuanzia kilowati-saa 3, na iliitwa nafuu isiyorejeshwa: ilipunguza kodi unayodaiwa, lakini kama hudaiwi kodi hukuletewa fedha mkononi. Mstaafu mwenye kipato kidogo alisoma "asilimia 30" kwenye tangazo, akaja kugundua kwamba kodi yake ya mwaka ilikuwa ndogo kuliko nafuu yenyewe, na kilichobaki kikasogezwa mwaka unaofuata. Italia nayo imekuwa ikigawa punguzo la kodi kwa kazi za ukarabati wa nyumba, betri za sola zikiwemo, katika mafungu 10 sawa kwa miaka 10. Ni fedha za kweli, lakini haziwezi kumlipa fundi mwezi huu.

Mwisho kuna mikopo nafuu na fedha za kurudishiwa baada ya kukamilisha kazi. Kwa hizo swali ni moja: hadi zifike, nani anabeba mzigo? Kama ni wewe na huna akiba hiyo, riba ya mkopo wa benki inaweza kuimeza ruzuku yote.

Hatua ya 3: Uliza "tarehe ya nini?"

Kila mpango una siku ya mwisho, na watu huisoma siku hiyo kama vile ni siku ya kununua. Mara nyingi sivyo. Inaweza kuwa siku ya kutuma maombi, ya kusaini mkataba, ya kumaliza kufunga, ya kuwasha mfumo au ya kutolewa kwa cheti cha usalama wa umeme. Hizo ni siku tano, na kati ya ya kwanza na ya mwisho inaweza kupita miezi.

Marekani imetoa mfano wa kuuma. Sheria ya mwaka 2022 iliahidi asilimia 30 hadi mwisho wa 2032. Sheria nyingine iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ikaifuta nafuu hiyo kwa matumizi ya baada ya tarehe 31 Desemba 2025, na gharama ilihesabiwa kuwa imetumika siku kazi ya ufungaji inapokamilika. Aliyelipa kila senti mwezi wa Novemba, fundi wake akamaliza Januari, hakupata kitu. Risiti ya malipo haikumsaidia.

Ujerumani ina mfano wa aina nyingine. Mwezi Septemba 2023 benki ya serikali ya KfW ilifungua dirisha la ruzuku kwa wenye magari ya umeme waliotaka paneli, betri na kituo cha kuchajia kwa pamoja. Fungu la euro milioni 300 liliisha ndani ya siku moja hivi. Hapo tarehe ya mwisho iliyoandikwa haikuwa na maana yoyote. Kilichofunga dirisha ni kuisha kwa fedha. Kwa hiyo uliza pia kama mpango una bajeti yenye kikomo, na kama kuna ukurasa rasmi unaoonyesha kiasi kilichobaki.

Na kuna mtego wa upande wa pili, wa kuwahi mno. Mipango mingi ya kuomba kwanza hukataa kazi iliyoagizwa kabla ya maombi kukubaliwa. Ukisaini mkataba Jumatatu na kutuma maombi Jumatano, umejitoa mwenyewe. Usilipe hata kianzio mpaka ujue mpango wako ni wa "omba kwanza" au "funga kwanza".

Hatua ya 4: Soma nani na nini kinastahili

Hapa soma waraka rasmi wa serikali, usisome kipeperushi cha muuzaji. Mara nyingi utakutana na masharti haya: betri iwe mpya, iwe kwenye orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa, ifungwe na fundi mwenye kibali kinachotambuliwa na mpango huo, na iunganishwe na paneli. Australia inadai yote hayo, tena betri iwe na kilowati-saa 5 hadi 100. Mpangaji atahitaji idhini ya mwenye nyumba. Aliyewahi kupata ruzuku kwa nyumba hiyohiyo aulize kama anaruhusiwa kuomba tena.

Usichukulie kwamba "ruzuku ya sola" inagusa betri. Afrika Kusini ilitoa nafuu ya kodi ya asilimia 25, isiyozidi randi 15,000, kwa mifumo iliyoanza kutumika kati ya tarehe 1 Machi 2023 na 29 Februari 2024. Ilikuwa kwa ajili ya paneli peke yake. Inveta na betri, ambazo kwa nyumba nyingi ndizo zilizomeza sehemu kubwa ya fedha, hazikuhesabiwa.

Uliza pia kama mipango miwili inaweza kupandana. Jimbo la Australia Magharibi, kwa mfano, lina punguzo lake ambalo mwenye nyumba huliongeza juu ya lile la taifa. Kwingine ukichukua moja umeikosa nyingine.

Hatua ya 5: Usiruhusu ruzuku ichague ukubwa

Irudie ile namba uliyoiandika. Ruzuku inayolipa kwa kila kilowati-saa inakushawishi uongeze ukubwa, na muuzaji atakuambia "ukiongeza kidogo tu serikali inalipa". Serikali inalipa sehemu. Inayobaki unailipa wewe, kwa umeme usioutumia.

Australia wenyewe walilazimika kulirekebisha hilo. Watu walikimbilia betri kubwa kuliko ilivyotarajiwa, bajeti ikaelekea kukauka, na mwezi Desemba 2025 serikali ikatangaza kuongeza fedha na kubadili hesabu kuanzia tarehe 1 Mei 2026. Kabla ya siku hiyo, mwanzoni mwa 2026, kila kilowati-saa inayotumika ilipewa vyeti 8.4, hadi kilowati-saa 50. Baada yake kipimo kinashuka hadi 6.8, tena kilowati-saa 14 za kwanza ndizo zinazohesabiwa zote. Kutoka 14 hadi 28 inahesabiwa asilimia 60, na kutoka 28 hadi 50 asilimia 15 tu.

Chukua betri ya kilowati-saa 28. Kwa hesabu ya zamani ilipata vyeti 235. Kwa hesabu mpya, 14 za kwanza zinabaki 14, na 14 zinazofuata zinakuwa 8.4. Jumla ni 22.4, zidisha kwa 6.8, unapata vyeti 152. Betri ya 9 nayo imepungukiwa, kutoka 75 hadi 61, lakini pigo lake ni dogo kwa uwiano. Mwenye kuchagua kwa kufuata usiku wake hakuyumbishwa sana na mabadiliko hayo.

Angalia pia kwamba nimeandika "kilowati-saa inayotumika". Betri ina namba mbili: ile iliyobandikwa ubavuni na ile unayoruhusiwa kuitumia, kwa kuwa sehemu huachwa ili betri isichoke mapema. Betri ya 10 inaweza kukupa 9. Ruzuku ikihesabu moja na muuzaji akitangaza nyingine, hesabu yako haitakubaliana na ankara.

Hatua ya 6: Chukua kotesheni tatu, uzisome kwa kalamu

Hapa ndipo fedha zinapopotea, kwa hiyo usiharakishe.

Dai kila kotesheni ionyeshe mistari hii peke yake: bei ya betri, bei ya inveta, kazi ya ufungaji, marekebisho ya kabati la swichi, kodi, jumla kabla ya ruzuku, ruzuku yenyewe, na jumla ya kulipa. Muuzaji anayekupa namba moja tu, "baada ya ruzuku", amekufungia mlango wa kuona. Chukua jumla kabla ya ruzuku, gawanya kwa kilowati-saa zinazotumika, ndipo ulinganishe wauzaji. Bei kabla ya ruzuku ikiwa juu sana kwa mmoja wao, inawezekana ruzuku yako imekwishaingia mfukoni mwake.

Kisha tafuta sentensi inayosema nini kitatokea ruzuku ikikataliwa. Nyingi zina kifungu kwamba mteja atalipa tofauti. Kifungu hicho ni cha haki ukikataliwa kwa kosa lako, kama kutoa taarifa za uongo. Si cha haki hata kidogo ukikataliwa kwa sababu fundi hakuwa na kibali au betri haikuwa kwenye orodha. Omba kiandikwe upya, na asipokubali mwache aende na betri yake.

Pia uliza kama wakala anakata ada kabla ya kukupa thamani ya vyeti, na kama bei yake imefungwa au itabadilika na soko.

Dhamana isome mpaka maandishi madogo. Miaka 10 ni ya kawaida, lakini kuna mambo matatu ndani yake: miaka, asilimia ya uwezo itakayobaki mwishoni, na mara nyingi kikomo cha jumla ya umeme utakaopita kwenye betri. Kinachofika kwanza ndicho kinachoimaliza. Na jiulize, kampuni ya kigeni isiyo na ofisi nchini mwako utaidai wapi?

Swali la mwisho la hatua hii ni la kukatika umeme. Wengi hudhani betri ni kinga tosha. Inveta iliyounganishwa na gridi, yaani mtandao wa nyaya za kampuni ya umeme, hujizima gridi inapokatika, ili umeme wa nyumba yako usirudi kwenye nyaya ukamuua fundi aliye juu ya nguzo. Nyumba itabaki na taa ikiwa tu kumefungwa kifaa cha kuitenga na gridi, na kifaa hicho huenda hakimo kwenye bei uliyopewa. Uliza: ni saketi zipi zitaendelea kuwaka, na paneli zitaendelea kuijaza betri wakati gridi imelala?

Hatua ya 7: Sharti la kushiriki gridi

Baadhi ya ruzuku zinataka betri yako iweze kuingia kwenye mtambo pepe wa umeme. Ni maelfu ya betri za majumbani zinazoendeshwa kwa pamoja kupitia intaneti, kana kwamba ni mtambo mmoja, ili kusaidia gridi saa za mahitaji makubwa. Tofautisha maneno mawili: "iweze kuingia" na "iingie". Mpango wa taifa wa Australia unataka betri iliyo kwenye gridi iwe na uwezo huo, bila kukulazimisha kujiunga. Ule wa Australia Magharibi unakutaka ujiunge kweli.

Kujiunga si jambo baya, tena mara nyingi kuna malipo. Ila ujue mwenye mtambo anaruhusiwa kuchota umeme wako mara ngapi kwa mwaka, anakuachia akiba ya kiasi gani, na kama uchotaji huo unahesabiwa kwenye kikomo cha dhamana yako. Mtu aliyenunua betri kwa kuogopa giza atakasirika sana akiikuta nusu tupu jioni ya dhoruba.

Hatua ya 8: Siku ya kufunga, na makaratasi yake

Betri haipendi joto. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri utaizeesha mapema. Isiwe kwenye chumba cha kulala wala kwenye njia ya kutokea moto ukizuka. Fundi anayekubali kuiweka popote unapoonyesha, bila kuuliza, huyo mtilie shaka.

Kabla hajaondoka, piga picha ya namba za mfululizo za betri na inveta, uzilinganishe na zilizo kwenye ankara na kwenye fomu ya ruzuku. Tarakimu moja iliyokosewa inatosha kurudisha maombi. Pokea cheti cha usalama wa umeme chenye tarehe, ankara yenye mistari yote, uthibitisho wa malipo, idhini ya kampuni ya umeme, dhamana, na nakala ya kila karatasi uliyosaini. Fomu tupu usisaini hata kama fundi anasema ataijaza ofisini.

Kisha mwambie azime swichi kuu mbele yako. Taa zilizoahidiwa zibaki zikiwaka. Jaribio hilo ni la dakika tano, na baada ya malipo ya mwisho kumrudisha fundi ni kazi nyingine.

Iarifu kampuni ya bima ya nyumba kwa maandishi. Makaratasi yatunze kwa miaka yote ya dhamana, maana serikali inaweza kuja kukagua, na atakayeinunua nyumba yako atayataka. Katika mwezi wa kwanza fungua programu ya betri kila asubuhi uone imebakiza asilimia ngapi. Ikiwa kila siku inaamka na nusu, ulinunua kubwa mno; ikiwa inaisha saa nne usiku, rudi kwenye daftari la mita uone ni kifaa gani kilichoongezeka.